Bi Rumaitha wa Mkoani: Herufi zangu haziuzwi

Saa moja asubuhi meli ya Unguja bado haijaonekana, na wachukuzi wa bandari ya Mkoani wamekaa juu ya mikokoteni yao wakinywa chai ya rangi. Juu yao kidogo, kwenye barabara inayopanda kutoka bandarini, mwanamke mmoja amesimama kwenye ngazi. Ushungi ameufunga nyuma ya shingo na uzi ameuuma kwa meno.

Uzi huo umechovywa buluu ya kufulia. Anaubana kwa kidole kwenye ukuta mweupe wa duka, anauvuta mpaka upande wa pili, kisha anauachia. Pa! Ukutani unabaki mstari mwembamba wa buluu, umenyooka. Anafanya hivyo kwenda chini, kisha kwenda kando, mpaka ukuta mzima umegawanyika vyumba vidogo vidogo vya mraba, mithili ya daftari la hesabu la mtoto wa shule.

Ndipo anapochukua brashi na kuanza kujaza. Chumba hiki anakipaka rangi nyeusi, kile anakiacha. Anapaka viwili, anaruka kimoja. Kwa muda mrefu mpita njia haoni ila viraka, kisha ghafla herufi inajitokeza, nene, nyeusi, yenye pembe kila upande.

"Bi Rumaitha, leo hiyo K mbona imenenepa?" mchukuzi mmoja anampigia kelele kutoka chini.

"Imekula ikashiba. Weye ndo umekonda," anajibu bila kugeuka, na wenzake wanamcheka yule bwana mpaka chai inamwagika.

Rumaitha Thuwein ana umri wa miaka 45, na kwa karibu miaka thelathini ameandika majina ya maduka, boti, mikahawa na vyuo vya Kurani kuanzia Mkoani mpaka Wambaa. Fundi wa mabango anayepinda brashi yake kwa madoido utampata popote. Anayeandika bila hata mpindo mmoja, hapa Pemba ni yeye peke yake. O yake ni mraba. S yake inapanda na kushuka kwa vidato. Ukizisogelea unaona vyumba vitupu, lakini ukiwa ndani ya boti, bado uko mbali na gati, unazisoma bila kukodoa macho.

Mwenye duka ni Kamlaben, mama wa Kihindi anayeuza vitambaa na nyuzi. Anatoka na kikombe cha chai, anakiweka kwenye kidato cha chini cha ngazi.

"Zamani bango letu lilikuwa la herufi za maua maua, marehemu baba mkwe alilipenda sana," anasema. "Zuri kweli, lakini wateja walisimama chini yake na kuniuliza duka ni la nani. Tangu Rumaitha aanze kutuandikia hizi zake, hakuna anayeuliza. Zikififia, namwita tena."

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Herufi za Bi Rumaitha hazikuzaliwa ukutani. Zilizaliwa Wambaa, kwenye mapaja ya mama yake, Bi Radhiya, msukaji wa misala na mikeka ya harusi.

Ukoo wao ni wa Kimanga, wa asili ya Omani, na babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu. Mashamba yalikwenda baada ya Mapinduzi. Mzee Thuwein, baba wa Rumaitha, alibakiwa na nyumba, mke na jina refu. "Na jina halitiwi chunguni," anasema Bi Rumaitha. Kilichotiwa chunguni kilitokana na ukindu wa mkewe.

Bi Radhiya alikuwa akisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya ukindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka, na ndani ya ukili akisuka majina ya bibi na bwana harusi. Chane ya ukindu, yaani ule ujani uliochanwa mwembamba, haijui kupinda. Hupita juu au hupita chini, basi. Kwa hiyo kila herufi ilibidi ijengwe kwa vyumba.

Tena kila herufi ilipofika mguuni, chane ya rangi ilibidi izame na kugeuka, na pale ilipozama kilibaki chumba kimoja kitupu, chini upande wa kulia. Msukaji hana namna ya kukikwepa. Wambaa hukiita jicho.

"Brashi haihitaji jicho," anaeleza Bi Rumaitha, akikionesha chumba kitupu mguuni mwa K. "Ningeweza kukijaza. Lakini nikikijaza naona herufi imekufa. Mama yangu ndivyo alivyonfunza, na miye ndivyo ninavyoandika."

Na sharti la Bi Radhiya lilikuwa moja tu, ambalo binti yake halijavunja hata leo: herufi usiyoisuka, usiiandike.

Kazi ya mabango alianza akiwa msichana, baada ya fundi wa Mkoani kuhamia Unguja na muuza mikate mmoja kukosa wa kumwandikia. Rumaitha akajitokeza. Watu walicheka, mwanamke kupanda ngazi barabarani! Alipanda. Alipomaliza, muuza mikate alikwenda akasimama gatini, akageuka, akasoma jina lake kutoka kule. Kicheko kikaisha.

Lakini funzo kubwa alilipata kwa kosa lake mwenyewe, miaka ya tisini, vyama vingi vilipokuwa vimepamba moto kisiwani.

Wasomaji waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Pemba ya wakati ule watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, na wako waliosusiana hata mazishi, kisa kadi ya chama. Katika hali hiyo Nahodha Msellem, mwenye boti ya kuvusha watu kati ya Mkoani na Makoongwe, alimwomba Rumaitha amwandikie jina la boti mpya: HATUACHANI.

Rumaitha akafanya kama msukaji yeyote wa Wambaa. Mkeka wa harusi kwa desturi yao lazima uwe na rangi mbili zinazopokezana, kwa sababu rangi moja ni mkeka wa msiba. Boti mpya ni furaha, kwa hiyo akapokezanisha rangi mbili zilizokuwamo kwenye makopo yake. Hakuwaza jengine. Akili yake yote ilikuwa kwenye vyumba.

Asubuhi yake nusu ya abiria walifika gatini, wakaitazama boti, wakarudi nyumbani. Rangi zile mbili zilikuwa za chama wasichokitaka. Nusu nyengine walipanda kwa vigelegele, hata wasiokuwa na safari.

"Mimi chama changu ni nauli!" anakumbuka Mzee Msellem, ambaye sasa ameshamwachia mwanawe usukani. "Nilimfuata Rumaitha kwao Wambaa, nahema kwa hasira. Namwambia, binti, umeniandikia jina au umenipigia kampeni?"

Rumaitha alilia, hilo halifichi. Kisha alifuta machozi, akabeba makopo na kwenda kuikwangua boti mpaka ubao ukaonekana. Akaiandika upya kwa rangi nyeusi peke yake juu ya nyeupe, rangi ya msiba na iwe. Hakudai chochote. Waliosusa wakarudi kupanda mmoja mmoja, wengine wakijifanya walikuwa wagonjwa.

Tangu siku hiyo anaandika kwa rangi moja tu. Na kwa sababu hiyo, anasema, kila upande ulimwamini. Matawi ya vyama yaliyotazamana kwenye barabara moja, watu wake hawasalimiani, yote yalitundika mbao zilizoandikwa na mkono wake.

"Mjumbe mmoja kanambia, hebu zao zifanye ndogo kidogo. N'kamwambia, bwana wee, herufi hazipigi kura. Vyumba vyao sawa na vyumba vyenu."

Mambo yakamwendea hivyo, si haba. Bango la duka humpatia kati ya shilingi elfu arobaini na elfu sitini, na zamani wiki haikupita bila kazi mbili tatu. Mumewe Hamzah, seremala, humrandia mbao, na kwa brashi hiyo wamesomesha watoto. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Siku hizi mwezi unaweza kwisha na kazi moja.

Lakini si mashine iliyomtia uchungu. Mashine ina riziki yake, anasema. Kilichomtia uchungu alikiona mwaka jana hapa hapa bandarini: bango la plastiki la mashindano ya mpira, limetundikwa kati ya nguzo mbili, na juu yake herufi zake mwenyewe.

Zilikuwa zimevutwa. Aliyezinakili alitaka zienee kwenye bango refu, akazivuta kwa kompyuta kama anayevuta mpira wa manati, vyumba vikawa virefu, vyembamba, vimekosa haiba. Na kwenye kila mguu, chini kulia, lilikuwapo jicho. Yaani mnakili hakujua ni kitu gani, akalichukua pamoja na vyengine.

"N'lisimama pale n'kalitazama," anasema. "Unamuona mwanao kavishwa nguo za kuazima, apitishwa mtaani, na weye mamake hukuulizwa. Nilikasirika. Wallahi nilikasirika mpaka nikashindwa kula."

Kesho yake alikwenda Chake Chake kwa mwenye mashine iliyolichapa, Mufaddal, kijana wa Kihindi wa madhehebu ya Bohora aliyerithi duka la karatasi na kuligeuza la uchapaji. Alikwenda kugombana. Alichokikuta ni mtu mpole aliyemvutia kiti.

"Mimi nachapa ninacholetewa," Mufaddal anakumbuka alivyomwambia. "Mteja alikuja na picha kwenye simu, ya ukuta ulioandikwa na Bi Rumaitha, nami nikanakili herufi zake. Na si mteja huyo tu. Watu wa Mkoani wote wakija hapa wanataka herufi za Bi Rumaitha. Kompyuta yangu ina herufi za kila namna, za kwake haina. Nikamwambia, Bi, nichoree zote kuanzia A mpaka Z, nikulipe mkononi, mambo yaishe."

"Yaishe vipi?" aliuliza Bi Rumaitha.

"Ziwe zangu. Anayezitaka aje kwangu."

Malipo aliyotajiwa yalikuwa pato la miezi mingi. Bi Rumaitha alikataa palepale. Alimwambia herufi zile alizianza mama yake, na yeye hajazimaliza, sasa mtu atanunuaje kitu ambacho hakijesha?

Ndipo Mufaddal alipomuuliza swali ambalo alirudi nalo Mkoani na kulala nalo. Herufi za vyumba, alisema, zimejaa duniani. Simu za zamani ziliandika hivyo, michezo ya kwenye televisheni iliandika hivyo. Kesho mtu mwingine, asiye na adabu ya kukuvutia kiti, akizichukua na kusema kaziokota mtandaoni, utathibitisha vipi kuwa ni zako?

"Sikumwambia kwa kumdharau," anasema Mufaddal. "Nilimwambia kwa sababu ndivyo biashara ilivyo."

Na hapo ndipo shauri lote la Bi Rumaitha lilipo mpaka leo. Anaweza kuzeeka na herufi zake, zifutike ukutani na mvua za masika. Anaweza kuziuza zikawa na baba mwengine. Au anaweza kuzitoa ulimwenguni zikiwa zinajulikana ni za nani. Alichagua hilo la tatu, gumu kuliko yote, bila kujua litafanyikaje.

Aliyemfungulia mlango ni bintiye, Hind, mwenye umri wa miaka 23, aliyesomea mambo ya kompyuta Unguja. Hind alifungua kompyuta yake, akachukua picha ya herufi ya kawaida ya kitabuni, akaikuza, akaikuza tena, mpaka mpindo wake ukavunjika vipande vya mraba.

"Mama, tazama. Hata hizi zao, ndani ni vyumba."

Bi Rumaitha aliinamia kioo. "Khaa! Kumbe na hino yasuka!"

Kuanzia hapo nyumba yao iligeuka karakana. Mama akisuka herufi kwa ukindu, binti akizihamishia kwenye kompyuta, chumba kwa chumba, kutengeneza kile wataalamu wanachokiita fonti, yaani jamii nzima ya herufi ambayo mtu akibonyeza anaandika nayo. Waligombana sana. Hind alitaka kulainisha pembe za S kidogo tu, mama akakataa katakata. Mama naye alitaka watengeneze na herufi ndogo ili mtu aweze kuandika hata barua. Hind akamwonesha: zikipunguzwa, jicho linaonekana kama uchafu.

"Hapo kanishinda, na kweli yuko sawa," anakiri Bi Rumaitha. "Hizi si herufi za barua. Ni za kumwita mtu aliye mbali."

Kisha wakafika kwenye Q na X, wakakwama.

Kiswahili hakina haja na herufi hizo. Katika miaka yote ya kazi hakuna duka wala boti iliyomlazimisha Bi Rumaitha kuziandika, na Bi Radhiya hakuwahi kumsukia bibi harusi mwenye Q. Hind alisema wazichore tu kwenye kompyuta, nani atajua? Mama yake akamkazia macho. Herufi usiyoisuka, usiiandike.

X ilimpa taabu kwa sababu ya jicho. Ukiondoa chumba kimoja kwenye mguu wa kulia, X inachechemea. Aliifumua na kuisuka upya, ikachechemea vilevile, mwisho akaikubali. "Wangapi wanachechemea na wanafika," alisema.

Q ndiyo iliyomtoa jasho. Mkia wake unatakiwa utoke palepale lilipo jicho. Ukiweka mkia, jicho linaziba. Ukiacha jicho, unabaki na O. Akaichukua mpaka Wambaa kwa mama yake, ambaye sasa ni mtu mzima sana, anasuka kwa kupapasa zaidi kuliko kuona. Bi Radhiya alisoma chuoni tu, Kurani, na herufi hizi za skuli alizisuka kwa kuigiza jina aliloandikiwa; kwake ni maua kama maua mengine.

"Hino ndo nini?" aliuliza, akipitisha kidole. "Hino si herufi, mwanangu. Hino ni O iliyokutolea ulimi!"

Walicheka wote wawili mpaka wakashikana. Kisha Bi Radhiya akaacha kucheka, akaupapasa tena ukili ule na kusema, basi ulimi si hutoka kinywani? Usilizibe jicho. Lisogeze ndani chumba kimoja, mkia uanzie hapo na utokee nje.

Rumaitha alisuka papo hapo, mama yake akimshikia ncha ya ukili. Ikakaa.

Herufi zote sasa zimekamilika, na tarakimu zake. Mufaddal amezijaribu kwenye mashine yake na anasema amekubali kusubiri. Akizitumia, atazitumia kwa ruhusa, kwa makubaliano ya maandishi, na kwa sharti moja ambalo Bi Rumaitha amegoma kabisa kulilegeza: hakuna kuzivuta.

Lakini kabla ya Mufaddal na kabla ya mtu mwengine yeyote, anataka zisajiliwe. Wiki ijayo atapanda meli kwenda Unguja, kwenye ofisi ya hakimiliki, na Hind atafuatana naye akiwa na kompyuta. Jamaa wamemwonya kwamba wakubwa wa ofisini watamuuliza maswali yaleyale ya Mufaddal. Dada mmoja wa mtaani, Mwanawema, amemshauri akachukue fedha za watu, apumzike, kwani herufi ni mali gani?

Bi Rumaitha anashuka kwenye ngazi, anafuta mikono kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, na kuingia nyuma ya duka la Kamlaben. Anatoka na mkeka aliouviringisha, mpya, bado unanukia ukindu. Anautandika kwenye baraza. Zimo zote, nyeusi, safu kwa safu, A mpaka Z, X inachechemea na Q imetoa ulimi, na kila moja ina jicho lake mguuni, pale chane ilipozama.

Wachukuzi wamepanda kutoka bandarini kuja kuutazama. Hakuna anayethubutu kuukanyaga.

"Wakin'uliza ushahidi ntawatandikia huno sakafuni mwao," anasema. "Na atakayesema herufi hizi ni zake, sina ugomvi naye. Naye alete mkeka wake."